Uvimbe wa Baridi Vidoleni: Mwongozo kwa Watu wa Kazi wa Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaofanya kazi nje, au ndani ya majengo yasiyo na joto, katika Manispaa ya Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa, hasa kati ya Juni na Agosti. Unawahusu wakulima na wachungaji, akina mama wanaopanga mboga sokoni kabla jua halijachomoza, wauza samaki, waendesha bodaboda, walinzi wa usiku, mafundi ujenzi, wafua nguo, waosha magari na vijana wa machinjioni. Unawahusu pia waajiri na wasimamizi wao, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyomo humu hayawezi kufanywa na mfanyakazi peke yake.

Uvimbe wa baridi huanza pale vidole vya miguu au vya mikono vinapovimba, kuwasha na kuchoma, saa kadhaa baada ya mtu kukaa kwenye baridi yenye unyevu. Hauui. Hata hivyo humnyima mtu usingizi, humfanya ashindwe kuvaa viatu au kushika jembe, na ukikunwa ukachubuka hugeuka kidonda kinachochukua muda mrefu kupona. Sehemu kubwa ya uvimbe huu inazuilika kwa mambo mawili: kukausha ngozi mapema, na kutokimbilia moto.

Kwa nini Ufipa

Maradhi ya baridi huhusishwa na nchi za theluji, lakini uvimbe huu hauhitaji barafu. Hutokea zaidi hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi 0 hadi kufikia kama nyuzi joto 15, ngozi ikiwa na majimaji. Hali hiyo tunayo. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani nao inapita mita 2,000. Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko kwenye mita 770 hivi, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki liko karibu mita 800. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mtu aliyepakia samaki Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, huku akitokwa na jasho, akafika Sumbawanga usiku akiwa na shati lile lile lililolowa, ameingia katika hali nyingine kabisa ya hewa. Ndivyo ilivyo pia kwa anayepanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa akitokea Muze, kwenye bonde la Rukwa, na gunia la mpunga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Rukwa katika nyanda za juu kusini magharibi, pamoja na Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Usiku wa kipupwe anga huwa jeupe, ardhi hupoteza joto lake upesi, na upepo wa kusini mashariki hupita kwenye nyika zetu zilizo wazi bila kizuizi. Taarifa za Mamlaka husomwa redioni. Msimamizi wa kazi azisikilize kama mkulima anavyosikiliza habari za mvua.

Kipupwe chetu ni kikavu, mvua hakuna. Unyevu unaoleta uvimbe huletwa na kazi zenyewe. Kuna umande unaolowesha miguu ya mvunaji wa mahindi na ulezi kuanzia alfajiri hadi jua lipande, kwa kuwa mavuno yetu huangukia miezi ile ile ya baridi. Kuna maji ya visima na mito ya kufulia, kuoshea vyombo na kumwagilia bustani za mabondeni. Kuna barafu inayoyeyuka kwenye makasha ya samaki, ambamo muuzaji huzamisha mikono asubuhi nzima. Kuna sakafu ya machinjio inayomwagiwa maji kila saa. Na kuna jasho, ambalo watu wengi hawalihesabu: mguu uliokaa ndani ya gambuti tangu alfajiri hulowa vizuri tu bila tone la maji kutoka nje. Orodha hii inastahili kusomwa kwa makini, kwani baridi ya Ufipa haizuiliki, na maji yaliyo kwenye ngozi yanakaushika.

Kinachotokea ndani ya ngozi

Mwili ukipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu ya vidoleni, masikioni na puani hujibana ili joto libaki kwenye viungo vya ndani. Vidole hupoa na kufa ganzi. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila mtu. Kwa baadhi ya watu shida huja wakati wa kupata joto tena, hasa joto la ghafla. Mishipa inayoleta damu vidoleni hufunguka upesi kuliko ile inayoirudisha. Damu hujazana, majimaji yake huvuja kwenye nyama iliyo jirani, na kidole huvimba. Ndiyo sababu mtu hufanya kazi asubuhi yote bila kulalamika, akaota moto jioni, kisha usiku akaamshwa na muwasho.

Si kila mtu hupatwa. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na watu wembamba kuliko wanene. Mvuta sigara na mtumia ugoro wamo hatarini kwa sababu nikotini hubana mishipa ile ile inayobanwa na baridi. Aliyewahi kupata uvimbe huu mwaka mmoja ajiandae mapema mwaka unaofuata, maana una tabia ya kurudi. Baadhi ya dawa za moyo na za presha huzidisha ubaridi wa vidole. Anayezitumia asiziache kwa uamuzi wake, amweleze aliyemwandikia.

Namna ya kuutambua

Vitabu vingi vya tiba huelezea mabaka mekundu. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na yamewapotosha wagonjwa na hata wahudumu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi. Baka huwa jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, au la zambarau, au la kijivu, na wakati mwingine huonekana tu kama sehemu iliyotanuka na kung'aa kwa kuvimba. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Linganisha kidole na mwenzake wa mguu wa pili. Kibonyeze taratibu usikie kama kimejaa na kinauma. Uliza kilianza lini.

Swali hilo la muda ndilo lenye msaada mkubwa. Uvimbe wa baridi hujitokeza saa chache baada ya baridi, mara nyingi ndani ya saa 12 hadi 24. Hukaa kwenye ncha na migongo ya vidole vya miguu, visigino, vidole vya mikono, kingo za masikio, na mara chache puani. Huwasha na kuchoma, na muwasho huzidi mtu anapojifunika blanketi au kusogea motoni. Mara nyingi huonekana kwenye vidole kadhaa kwa pamoja, pande zote mbili. Usipoendelea kupigwa na baridi, hupungua wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu, ukiacha weusi kidogo.

Yapo mambo mengine yanayofanana nao. Funza huacha kitone cheusi katikati ya kivimbe, kwa kawaida pembeni mwa kucha au kwenye unyayo. Baridi haiachi kitone. Fangasi hukaa katikati ya vidole, ngozi ikawa nyeupe, laini, yenye harufu na inayomenyeka. Magaga ni mipasuko ya kisigino kikavu, hayavimbi. Gauti hushika zaidi kiungo cha kidole gumba cha mguu, kwa maumivu makali yasiyovumilia hata shuka. Mguu mmoja unaovimba hadi kwenye kifundo au shavu la mguu, ukawa wa moto na wenye maumivu, haufai kusubiriwa nyumbani hata siku moja, kwa sababu unaweza kuwa na maambukizi au damu iliyoganda kwenye mshipa.

Selimundu inahitaji tahadhari ya peke yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu yake. Mtoto mdogo anayevimba viganja na nyayo huku akilia kwa maumivu apelekwe hospitali. Kijana wa kazi anayejijua ana selimundu asipangiwe zamu ya maji wala ya usiku wakati wa kipupwe, na asionekane mvivu kwa kuomba hivyo.

Uvimbe unaojitokeza usiku bila jeraha huzua pia maneno kwamba mtu amekanyaga dawa aliyotegewa. Anayesema hivyo anasema kwa hofu ya kweli, na hatusaidii kumcheka. Tumwulize alifanya kazi wapi jana, miguu ililowa au haikulowa, na alipofika nyumbani aliota moto namna gani. Majibu ya maswali hayo matatu mara nyingi hutosha kuonyesha chanzo, na humwondolea mtu ugomvi na jirani yake.

Saa ya kurudi nyumbani

Sehemu hii isomwe na kila mtu, hata kama atairuka iliyobaki.

Ukifika nyumbani au penye moto ukiwa na miguu ya baridi, usiipeleke kwenye moto. Vua viatu na soksi mbali na jiko. Futa miguu kwa kitambaa kikavu, na upitishe kitambaa katikati ya kila kidole. Vaa soksi kavu, au funga miguu kwa khanga au blanketi, kisha ukae mahali penye joto la kawaida. Sogeza mwili mzima kwenye joto kabla ya vidole: kunywa uji au chai ya moto, vaa sweta, funika kichwa. Vidole vitapata joto kutokana na damu inayotoka mwilini, taratibu, na hicho ndicho tunachokitaka. Baada ya nusu saa hivi unaweza kuota moto kama kawaida, kwa umbali ambao mkono wako unaweza kuuvumilia bila kuukwepa.

Maji ya moto yenye chumvi yanapendwa sana. Hayana ubaya yakiwa vuguvugu na miguu ikikaushwa vizuri baadaye. Yakiwa ya moto yanafanya kazi ile ile mbaya ya moto. Yapime kwa kiwiko, si kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mwenye kisukari, na aliyewahi kuugua ukoma akabaki na ganzi ya nyayo, wasiote moto kwa miguu kabisa. Mtu asiyehisi joto huungua bila kujua, na kidonda cha moto kwenye mguu wa namna hiyo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Pombe haisaidii. Anayekunywa kimpumu ili apate joto hulisikia joto kwa sababu mishipa ya ngozi imefunguka, na kupitia ngozi hiyo hiyo joto la ndani hutoka nje. Zaidi ya hapo, aliyelewa hulala karibu na moto bila kujitambua.

Jiko la mkaa lisilazwe chumbani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila kushtuka. Walinzi wanaojifungia kibandani na jiko usiku wa Julai wamo hatarini kabisa. Kama hakuna njia nyingine ya kupata joto, jiko likae nje au penye mlango na dirisha vilivyofunguliwa, na litolewe kabla mtu hajafumba macho.

Kujikinga kazini

Jozi mbili za soksi ni bora kuliko jozi moja nene. Moja unaivaa, nyingine unaiweka kwenye mfuko wa plastiki ikiwa kavu, nawe unabadilisha umande unapokauka, kwa kawaida saa tatu au saa nne asubuhi. Soksi za sufu hubakiza joto hata zikilowa kidogo; za pamba zikilowa huwa baridi tupu. Soksi nzuri za sufu hupatikana kwenye mitumba kwa bei ya chini kuliko ya dawa. Kiatu kisibane. Kiatu kilichobanwa na soksi tatu huzuia damu, na mguu huwa baridi zaidi kuliko ukiwa na soksi moja. Gambuti ni kinga nzuri dhidi ya umande na maji, kwa sharti livuliwe wakati wa mapumziko, likung'utwe, na lisilale likiwa na jasho la jana. Lijaze magazeti usiku yanyonye unyevu. Kandambili na katambuga zibaki kwa ajili ya mchana wa jua.

Mwendesha bodaboda hupigwa na upepo anaoutengeneza mwenyewe. Avae glovu zinazozuia upepo, mzula unaofunika masikio chini ya kofia ngumu, na koti lenye kola ndefu. Glovu zikilowa azivue, kwani glovu mbichi kwenye mwendo ni mbaya kuliko mikono mikavu iliyo wazi. Abiria anayesubiriwa ni nafasi nzuri ya kushuka, kutembea na kukunja vidole.

Kwa muuza samaki, mfua nguo na mwosha magari, glovu za mpira zina thamani kuliko vazi jingine lolote. Zivaliwe juu ya glovu nyembamba za kitambaa kama zinaenea. Mikono ikaushwe kila baada ya kazi ya maji, kisha ipakwe mafuta ya mgando. Mafuta hayo hayaleti joto, lakini hulinda ngozi isipasuke na kupunguza maji yanayopenya.

Mvunaji anaweza kupanga kazi upya bila kugharamia chochote. Alfajiri afanye kazi za uani zisizo na umande, kama kupukuchua na kupakia, na aingie shambani majani yakishakauka. Najua kwamba mwenye maksai wa kukodi au kibarua wa kulipwa kwa siku hana uhuru huo kila mara. Basi angalau afunge plastiki kuzunguka miundi juu ya viatu, na aanze upande wa shamba unaopata jua kwanza.

Walinzi na vikundi vya kazi wakaguane miguu. Katika vita ya kwanza ya dunia, majira ya baridi ya mwaka 1914 na 1915, maelfu ya askari wa Uingereza waliokaa kwenye mahandaki yenye maji huko Ubelgiji na Ufaransa waliharibikiwa miguu, kwa madhara makubwa kuliko uvimbe tunaouzungumzia hapa. Jeshi liliagiza askari wapangwe wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake: kuikagua, kuikausha, kuhakikisha soksi zimebadilishwa. Utaratibu huo hauhitaji fedha. Mtu hupuuzia miguu yake mwenyewe. Ya mwenzake aliyekabidhiwa haipuuzii kirahisi.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi mazingira salama na vifaa vya kujikinga. Kwenye machinjio, vyumba vya ubaridi, mashamba makubwa na kampuni za ulinzi za mkoa huu, maana yake ni gambuti zinazomwenea mvaaji, glovu za mpira, koti la mlinzi wa usiku, na mahali pakavu pa kubadilishia soksi. Kununua ukubwa mmoja wa gambuti kwa watu wote ni kutimiza hesabu ya karatasi tu. Wanawake wengi huishia kuvaa viatu vinavyopwaya na kuingiza maji. Vifaa vinunuliwe Mei. Koti linalofika Agosti limekosa kazi yake.

Zamu za maji ya baridi zigawanywe ili mtu asikae na mikono majini asubuhi nzima. Mapumziko mafupi ya dakika 10 ya kukausha mikono na kunywa chai yaandikwe kwenye ratiba, yasiachwe kwa huruma ya msimamizi. Mfanyakazi akiumia, jambo hilo liandikwe kwenye daftari la matukio siku hiyo hiyo, na ikiwa limemzuia kufanya kazi lifikishwe kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia ya mwaka 2008. Tukio lisiloandikwa ni gumu kudaiwa.

Ukishavimba

Usikune. Usitoboe lengelenge. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri, wala dawa za kuchua zinazochoma. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando, vaa soksi safi, na ulale miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mto. Parasetamoli hupunguza maumivu. Acha sigara walau hadi upone. Muhimu kuliko yote, usiirudishe miguu kwenye umande kesho yake, kwa sababu kila baridi mpya huanza uvimbe upya kabla ule wa kwanza haujaisha. Zipo dawa za kufungua mishipa, kama nifedipini, ambazo daktari anaweza kuziandika kwa uvimbe mkali au unaorudi. Majaribio ya tiba yametoa majibu yanayotofautiana juu ya faida yake, na kwa kuwa hushusha presha zisinunuliwe dukani kwa kukisia.

Nenda zahanati au kituo cha afya ikiwa kuna malengelenge, usaha, kidonda, homa, au uvimbe na joto vinavyopanda kuelekea kwenye kifundo. Ikiwa kidole kimekuwa cheusi au hakihisi kitu. Ikiwa una kisukari. Na ikiwa wiki tatu zimepita bila nafuu. Mwenye kidonda anayefanya kazi kwenye samadi au udongo aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Uvimbe unaoendelea hadi Oktoba, joto likiwa limerudi, au unaoambatana na maumivu ya viungo na vipele usoni, unahitaji uchunguzi wa damu, kwani maradhi kama lupasi huweza kujificha nyuma yake; hapo zahanati itakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Ukimfikia mhudumu, mweleze kazi unayofanya, siku na saa uliyopatwa na baridi, kama ngozi ilikuwa imelowa, uliipashaje joto, ulipaka nini, na kama ilikutokea pia kipupwe kilichopita. Muonyeshe miguu yote miwili hata kama unaumwa mmoja, na viatu ulivyovaa siku hiyo uende navyo.